Kwa nini mafuta ya alizeti huchacha kabla ya mafuta ya nazi
Mafuta ya alizeti yahifadhiwe gizani, mbali na jiko, kifuniko kikiwa kimekazwa. Kuchacha huanza na radikali huru, yaani chembe yenye elektroni isiyo na mwenza: hunyakua atomu ya haidrojeni kutoka molekuli jirani, nayo hupendelea pale bondi, yaani kifungo kati ya atomu, ilipo dhaifu zaidi. Katika sehemu ya kawaida ya mnyororo wa mafuta, kuvunja bondi ya kaboni na haidrojeni huhitaji takriban kilojuli 410 kwa moli. Lakini katika asidi ya linoleiki, iliyo nyingi katika alizeti ya kawaida, kaboni iliyo kati ya bondi maradufu mbili huachia haidrojeni yake kwa takriban kilojuli 320 tu, kwa kuwa radikali inayobaki hutulia kwa kuitawanya elektroni yake katika kaboni kadhaa. Oksijeni huidaka radikali hiyo mara moja, na uharibifu huendelea kwa mfululizo. Mafuta ya nazi yana asidi hiyo kidogo mno. Vitamini E husaidia, maana bondi yake ya oksijeni na haidrojeni nayo ni dhaifu, hivyo hutangulia kunyang'anywa. Ila huisha, na chupa angavu iliyoachwa dirishani (kosa la majiko mengi) huimaliza mapema.