Jaribu roli yako ya Ansible kwa Molecule kabla haijafika kwenye wingu

Usiamini kijani cha Ansible, programu inayosanidi seva kwa kufuata kazi ulizoziandika (fungu la kazi hizo huitwa roli). Kinakuambia kazi zimekwisha bila kosa, hakikuambii kama seva inafikika. Niliwahi kusimika Nginx (seva ya wavuti), hakuna mstari mwekundu hata mmoja, nikaenda kula. Kurudi, nakuta simu tatu za mteja. Nginx ilikuwa inasikiliza 127.0.0.1 peke yake, yaani inaongea na nafsi yake. Molecule huijaribu roli mapema, ndani ya kontena la Docker, yaani mazingira yaliyotengwa kwenye kompyuta yako.

1. Sakinisha. Ukishakuwa na Python na Docker:

```
pip install ansible molecule "molecule-plugins[docker]" pytest-testinfra
```

2. Andaa uwanja. Ingia kwenye folda ya roli, andika `molecule init scenario`. Utapata `molecule/default`. Ndani ya `molecule.yml`, `driver` iwe docker na `verifier` iwe testinfra (chombo cha kuandikia majaribio ya seva), `converge.yml` iite roli yako. Wengi hukwama hapa: imeji (kiolezo cha kontena) ya kawaida ya `debian:12` haina systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma, hivyo Ansible ikiambiwa iwashe huduma inagoma. Tafuta imeji iliyoandaliwa kwa systemd, uiwekee `privileged: true`, `pre_build_image: true` na `override_command: false`, ili systemd ianze badala ya amri ya Molecule.

3. Endesha mara mbili. `molecule converge`, kisha `molecule idempotence`. Hiyo ya pili inarudia kazi zote, na ikikuta hata moja imesema `changed`, inakukatalia. Mara nyingi mchawi ni `shell` au `command`, ambazo kila zikiitwa hudai zimebadilisha kitu. Zipe `creates` (faili likiwepo, amri isirudiwe) au `changed_when` (sharti la lini ihesabiwe imebadilisha kitu). Najua inakera, lakini usiiruke: roli ya namna hiyo ndiyo huiwasha upya Nginx saa nne asubuhi, watu wakiwa katikati ya kazi.

4. Andika jaribio kwenye `molecule/default/tests/test_default.py`:

```
def test_wavuti(host):
    assert host.service("nginx").is_running
    assert host.socket("tcp://0.0.0.0:80").is_listening
```

Siku ile ya simu tatu, `assert` ya kwanza ingepita bila wasiwasi. Ya pili ndiyo ingenishika mkono, maana inadai poti 80 isikilize anwani zote (`0.0.0.0`), si 127.0.0.1 peke yake. Testinfra huangalia poti kwa amri ya `ss` au `netstat`, kwa hiyo hakikisha imeji inayo mojawapo.

Endesha `molecule verify`. Jaribio likianguka, `molecule login` inakuingiza ndani ya kontena ujionee mwenyewe. `molecule test` iache mwisho, maana ikimaliza inafuta kila kitu, na ushahidi pia.

5. Nenda kwenye wingu lenyewe. Kontena halijui lolote kuhusu ukuta-moto wa AWS, wingu la Amazon. Washa mashine ndogo (mimi hutumia `af-south-1`, Cape Town), ipitishe roli ileile, kisha uipime ukiwa nje, kutoka kompyuta nyingine:

```
curl --fail --max-time 10 http://ANWANI/
```

Hatua ya kuifuta mashine iendeshwe hata jaribio likianguka. Kwenye GitHub Actions (huduma ya GitHub inayoendesha majaribio yenyewe) ni `if: always()`. Mimi sikuiweka mwanzoni. Jaribio lilianguka Ijumaa jioni, na mashine mbili zikala bili mpaka Jumatatu.