Kabla hujatia sahihi kwenye utafiti wa pumu

Mtu mwenye pumu akialikwa kwenye utafiti, kwa kawaida huuliza atapewa dawa gani. Mimi ningemshauri aanze na dawa atakayoachishwa: ni ipi, kwa muda gani, na nani atakuwa akimwangalia wakati huo. Tafiti nyingi za dawa huanza na wiki kadhaa za matazamio, na katika baadhi yake mshiriki hupunguziwa au hubadilishiwa dawa zake ili ionekane ugonjwa wake ukoje kabla ya kupewa kitu kipya. Hapo ndipo pumu iliyotulia huweza kuamka. Inhela ya steroidi hupoza uvimbe wa njia za hewa polepole, na ukiiacha, uvimbe hurudi polepole vilevile huku wewe ukijiona mzima.

Sehemu hiyo ya maelezo isome mara mbili. Iwe imeandikwa wazi kwamba inhela ya dharura, ile inayofungua kifua haraka, haitoki mfukoni mwako hata ukiangukia kundi la plasebo, yaani la wanaopewa inhela au kidonge kisicho na dawa ndani. Iandikwe pia ni dalili zipi zikitokea utatolewa kwenye utafiti na kurudishiwa matibabu yako ya kawaida. Kama hayo hayamo, usitie sahihi kwanza.

Plasebo yenyewe huwaudhi watu wengi. Lakini katika pumu haiepukiki kirahisi, na utafiti mmoja mdogo wa Marekani uliochapishwa 2011 unaonyesha sababu. Wagonjwa walipitishwa kwa zamu kwenye inhela ya salbutamoli (dawa ya kufungua kifua haraka), inhela tupu, sindano za kuigiza za akyupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchoma sindano, na kipindi cha kukaa bila tiba yoyote. Kipimo cha pumzi kilipanda kwa takriban asilimia 20 walipovuta salbutamoli, na takriban asilimia 7 tu katika hali zile nyingine tatu. Walipoulizwa wanajisikiaje, majibu yalikuwa mengine kabisa: nafuu waliyoitaja baada ya inhela tupu ilikaribiana na ile ya dawa halisi. Watafiti kwa hiyo hawawezi kutegemea maneno ya mgonjwa peke yake. Na wewe mshiriki ujue unaweza kujisikia vizuri ilhali kifua bado kimebana. Uliza kama plasebo itaongezwa juu ya dawa zako za kila siku au itachukua nafasi yake, maana tofauti ya hatari kati ya hayo mawili ni kubwa.

Sasa vipimo. Kile utakachokutana nacho karibu kila mara ni spirometri, yaani kupima hewa unayoweza kuipuliza na kasi yake. Unakaa wima, pua imebanwa na kibanio, unavuta hewa mpaka kifua kijae, unafunga midomo barabara kwenye mrija, kisha unapuliza kwa nguvu zako zote na kuendelea kupuliza hata pale unapodhani hakuna kilichobaki. Mpimaji atakuwa anakuhimiza, “endelea, endelea, endelea!” Utarudia angalau mara tatu. Halafu utavuta dawa ya kufungua kifua, usubiri dakika 10 hadi 15, na kupuliza tena. Kigezo kilichotumika kwa miaka mingi ni kwamba hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza ikipanda kwa asilimia 12 na mililita 200, njia za hewa zinahesabiwa kuwa zimefunguka kwa dawa.

Kwa ajili ya kipimo hicho huenda ukaambiwa usivute salbutamoli kwa saa 4 au zaidi, na zile inhela za muda mrefu kwa saa 24 au zaidi. Fuata saa ulizopewa na watafiti wako, lakini ukibanwa njiani, vuta dawa yako na uwaarifu ukifika. Miadi hupangwa upya, hilo halina ubaya. Mshiriki anayejikaza akisubiri kipimo huku kifua kinalia anafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba.

Kupima gesi ya oksidi ya naitriki kwenye pumzi, ambako hutumika kukisia uvimbe wa aina fulani, ni kupuliza taratibu tu. Ila usile, usivute sigara wala kufanya mazoezi katika saa ya mwisho kabla yake, na mboga za majani zenye naitreti nyingi huweza kupandisha matokeo yake. Ukipangiwa kuchomwa ngozi kupima mzio, uliza dawa zako za mzio uziache siku ngapi kabla.

Cha kufikiria kwa makini zaidi ni kipimo cha methakolini. Hapa unavutishwa dawa inayobana njia za hewa makusudi, kiasi chake kikiongezwa hatua kwa hatua mpaka pumzi ya sekunde ya kwanza ishuke kwa asilimia 20, kisha unapewa dawa ya kufungua. Kikifanywa kwa utaratibu wake ni kipimo kinachokubalika, lakini si cha mtu ambaye mapafu yake tayari yako chini sana au aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi hivi karibuni. Historia hiyo itaje mwenyewe, usingoje kuulizwa.

Fomu ya ridhaa wengi huifunua kurasa haraka haraka wakitafuta mahali pa sahihi. Mwaka 2001, kituo cha pumu cha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani kilimvutisha kemikali iitwayo heksamethoniamu mwanamke wa miaka 24 aliyejitolea akiwa mzima, ili kuchunguza jinsi mapafu yasiyo na pumu yanavyobaki wazi. Mapafu yake yaliharibika na akafariki wiki chache baadaye. Uchunguzi ulibaini kwamba fomu haikueleza kuwa kemikali hiyo haikuwa imeidhinishwa kutumika hivyo, kwamba maandishi ya zamani kuhusu madhara yake kwenye mapafu hayakufikiwa, na kwamba mshiriki aliyetangulia alipata kikohozi bila taarifa kutolewa kama ilivyotakiwa. Kwa hiyo maswali haya si utovu wa adabu: je, dawa hii imeidhinishwa, na kwa matumizi gani? Imewahi kuvutwa na watu wangapi, na waliodhurika walipatwa na nini? Ni kamati gani ya maadili imepitisha utafiti? Nikizidiwa saa 8 usiku nampigia nani, na gharama za matibabu ni za nani?

Ukikataliwa, usilichukulie vibaya. Wavutaji wa sigara, waliopata shambulio hivi karibuni na wenye magonjwa mengine huachwa nje mara nyingi, kiasi kwamba watafiti wa New Zealand walionyesha 2007 kuwa kwa tafiti kubwa zilizojenga miongozo ya tiba, kwa wastani asilimia 4 tu ya wenye pumu waliowachunguza wangefuzu kuingia. Binafsi naiona hiyo ni kasoro ya tafiti. Lakini kuchagua nako kuna faida: mepolizumabu, dawa ya sindano ya pumu, ilionekana haifai ilipojaribiwa kwa wenye pumu kwa ujumla, ikaja kufanya vizuri ilipopewa wale ambao eosinofili, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu, zimewazidi.

Kuhusu daftari la kila siku utakalopewa ujaze nyumbani, unapima kasi ya pumzi asubuhi na jioni, mara tatu kila wakati, na kuandika namba ya juu kabisa. Usilijaze la wiki nzima usiku wa kuamkia miadi. Baadhi ya inhela za utafiti siku hizi huhesabu zenyewe ulipobonyeza, tena na saa yake.

Mwisho wa utafiti nao upange kabla hujaanza. Aliyepata nafuu kwa dawa mpya anaweza kuikosa siku inayofuata, na kundi alilokuwamo kwa kawaida halifichuliwi mpaka utafiti mzima ufungwe. Omba maandishi yanayosema ni inhela ipi utarudia, kipimo gani, kuanzia siku gani, na nakala yake mpelekee daktari wako wa siku zote.