Jinsi ya Kuomba Kibali cha Ujenzi Manispaa ya Ubungo kwa Kiwanja Kilicho Kando ya Barabara ya Morogoro

Mwongozo huu unamhusu mwenye kiwanja kilicho kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, kupitia Mbezi na Msigani, hadi Kibamba, ambaye anataka kujenga nyumba ya kuishi, fremu za biashara au ghorofa. Maombi yake hushughulikiwa na Halmashauri ya Manispaa ya Ubungo, ambayo makao yake makuu yako Luguruni, kando ya barabara hiyohiyo. Wapo ambao bado hupeleka makaratasi yao Magomeni kwa mazoea ya miaka ambayo eneo hili lote lilikuwa chini ya Kinondoni. Anayepanda daladala za kutoka Mbezi Mwisho kuelekea Kibamba amwambie kondakta mapema kwamba anashuka Luguruni.

Kabla ya kumlipa mchoraji hata shilingi moja, hakikisha kiwanja chako hakimo ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kila upande kwa ajili ya barabara yenyewe. Ninaliweka jambo hili mbele ya mengine yote kwa sababu ndilo lililowaliza watu wengi katika njia hii. Barabara ya Morogoro ni barabara kuu iendayo Zambia, na hifadhi yake katika sehemu ya Kimara hadi Kiluvya ilitengwa kwa sheria ya enzi za mkoloni kuwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, wakati kanuni za sasa zilizotungwa chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 huzipa barabara kuu kwa kawaida mita 30 kila upande. Mtu aliyepima mita 30 na kuridhika alikuwa bado yumo ndani ya hifadhi kwa mita tisini na zaidi. Mwaka 2017, maandalizi ya kuipanua barabara kutoka Kimara hadi Kibaha yalipoanza, nyumba zilizokuwa zimepigwa alama ya X nyekundu zilivunjwa, zikiwemo nyumba za ghorofa na za watu walioishi hapo miaka mingi.

Kwa hiyo usitegemee maneno ya muuzaji wala ya jirani, na usipime mwenyewe kwa futi kamba kutoka kwenye mstari uliochorwa barabarani, kwa kuwa barabara ikishapanuliwa mstari huo unaweza usiwe ule uliotumika kuweka mipaka ya hifadhi. Chukua ramani ya upimaji iliyoambatishwa kwenye hati yako, nenda nayo kiwanjani pamoja na mpima ardhi, na mtafute bikoni moja baada ya nyingine. Bikoni ni kipande cha chuma kilichochimbiwa katika zege, na mara nyingi utakikuta kimefunikwa na udongo au majani. Namba yake lazima ilingane na ile iliyo katika ramani. Ukishaziona zote, andika barua kwa Meneja wa TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania) wa Mkoa wa Dar es Salaam, ambatisha nakala ya ramani hiyo, na uombe uthibitisho wa maandishi kwamba kiwanja kiko nje ya hifadhi. Ikiwa kiwanja kinatazamana na barabara ya mtaa, isiyo barabara kuu, wa kuulizwa ni TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini). Barua utakayojibiwa itunze kama unavyoitunza hati yenyewe.

Baada ya hapo ndipo uangalie nyaraka za umiliki. Hati miliki iwe kwa jina la mwombaji, na kama kiwanja ulikinunua na uhamisho haujakamilika, kamilisha uhamisho kwanza, maana mkataba wa mauziano peke yake huzaa maswali yasiyokwisha. Soma pia matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Hati ikisema makazi nawe unataka fremu za maduka zinazotazama barabara, utalazimika kuomba kubadilisha matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na hilo ni ombi jingine lenye ada yake na muda wake. Stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi iwe ya mwaka husika. Kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, ni kodi nyingine kabisa, na kuilipa hakumwondolei mtu deni la pango la ardhi.

Michoro iandaliwe na mtaalamu aliyesajiliwa. Mbunifu majengo husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na mhandisi anayeandaa michoro ya mihimili na nondo za ghorofa husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mwombe kila mmoja namba yake ya usajili na uihakiki kabla ya kumpa kazi. Mchoro wa kiwanja ndio unaorudishwa mara nyingi, na sababu zake ni ndogondogo: umbali kati ya ukuta na mpaka haukuandikwa, shimo la maji taka halikuonyeshwa, au magari ya wateja hayakupewa nafasi na jengo ni la biashara. Nimewahi kuona mchoro mzuri wa ghorofa moja ukirudishwa kwa sababu ngazi ya nje ilivuka mpaka kwa hatua mbili tu, na mwenye jengo akalipa kuchorewa upya.

Maombi yenyewe hufanyika kwa njia ya mtandao katika mfumo wa TAUSI, ulio chini ya Ofisi ya Rais TAMISEMI. Mwombaji hujisajili kwa namba yake ya NIDA, huchagua huduma ya kibali cha ujenzi na halmashauri husika, hujaza taarifa za kiwanja na za jengo, kisha hupandisha nyaraka zake. Mfumo hutoa namba ya malipo ya serikali, nayo hulipiwa benki au kwa simu. Usimkabidhi mtu yeyote fedha taslimu, hata akiwa amekaa ndani ya jengo la halmashauri, na usimpe nywila yako anayekusaidia kujaza, kwa kuwa akaunti hiyo ndiyo itakayokuletea majibu.

Wataalamu wa halmashauri watakagua michoro na kufika kiwanjani. Siku hiyo uwepo mwenyewe, nyasi zikiwa zimefyekwa na bikoni zikiwa wazi, na barua ya TANROADS iwe mkononi. Kwa ghorofa na majengo ya biashara, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nalo huangalia njia za kutokea na vifaa vya kuzimia moto. Ukipewa maelekezo ya kurekebisha, rekebisha kila kilichoandikwa kwa mara moja, kwa sababu kurudisha marekebisho nusunusu ndiko kunakolirefusha ombi.

Usimwage zege kabla kibali hakijatoka. Kikishatoka, soma masharti yake na muda wake wa kutumika, kisha weka kibao cha mradi mahali panapoonekana kutoka barabarani, chenye namba ya kibali na majina ya wataalamu. Mjulishe mhandisi wa halmashauri kila unapofika hatua ya msingi, jamvi, linta na slabu, aje akague kabla nondo hazijafunikwa. Nakala ya kibali na michoro iliyogongwa muhuri ikae saiti kila siku ya kazi, na jengo likikamilika, omba ukaguzi wa mwisho ili upewe idhini ya kulitumia kabla mpangaji wa kwanza hajahamia.