Kwa mnaoanza Final Fantasy VII Remake, acheni kubonyeza tu
Oya wana, mdogo wangu hapa Sinza kaanza hili gemu juzi analia kila bosi anamchapa, nikakaa nae nikaona anabonyeza kitufe cha mraba cha PlayStation mwanzo mwisho kama yuko kwenye gemu la ngumi, sasa hapo utakufa sana. Kile kipigo cha kawaida kazi yake kubwa ni kujaza mstari wa ATB (ule unaotumika kulipia amri zako), maumivu yenyewe yanatoka kwenye abiliti (mapigo maalum) na uchawi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba maadui wanapenda kumfuata yule unaemuongoza wewe. Kwahiyo ukiwa na Cloud, yule mhusika mkuu, usirushe uchawi na Cloud mwenyewe, fungua menyu (muda unapungua kasi kabisa, usiwe na presha) bonyeza L2 au R2 umuamrishe mwenzie arushe, wewe endelea kuwavuta. Ukigongwa katikati ya uchawi unakatika na MP (pointi za uchawi) imeshaliwa, yani hiyo inaniudhi mpaka leo.

Maadui wanaopaa angani nao wasumbufu, Cloud anaruka hovyo hawafikii, mpe mwenzie Barret kazi hiyo ana bunduki. Halafu Punisher Mode, ule mtindo wa Cloud wa mapigo mazito, shika R1 ujikinge, adui akija na kipigo cha karibu Cloud anajibu mwenyewe, ila risasi na uchawi zinapita.

Adui akishakuwa Staggered (kalegea, anaumia zaidi) hamia kwa Tifa, mwenzenu mpiga ngumi, fasta, Tifa ndo anapandisha ile asilimia ya maumivu, alafu wengine wamwage kila walichonacho. Hapo ndo utamu wa hili gemu ulipo!