Jinsi ya kusoma maana ya IPO kwenye mkataba wa wanahisa

Ukiletewa mkataba na mwekezaji wa Marekani usikimbilie kusaini, anza na ukurasa wa maana za maneno utafute IPO, yaani kampuni kuuza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza. Mara nyingi utakuta ni mauzo ya kwanza ya hisa za kawaida kwa umma, yaliyosajiliwa chini ya Sheria ya Dhamana (Securities Act) ya Marekani ya 1933. Cheki kama wametoa nje ya maana hiyo hisa zinazotolewa kwa wafanyakazi na zile za kuunganisha kampuni.

Ila pa kukazia macho kabisa ni ile IPO "iliyotimiza vigezo", yaani bei ya chini ya hisa na pesa za chini za kukusanya, tuseme dola milioni 50, maana vikitimia tu hisa za upendeleo (zile za mwekezaji zenye haki za ziada) zinageuka za kawaida zenyewe na haki zake zinaondoka, sasa uliza hiyo milioni 50 ni kabla au baada ya kukata gharama. Na kama mnawaza kuorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi, soko hilo litajwe kwa jina kwenye maana hiyo.