Ibada moja ya Kiswahili ughaibuni, washirika wa madhehebu mchanganyiko

Makusanyiko mengi ya Kiswahili huko Marekani yameanzishwa na familia zilizopitia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, Tanzania, iliyofunguliwa 1996. Katika makusanyiko hayo utakuta Wapentekoste wa CEPAC na CELPA, jumuiya mbili za makanisa kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, Wamethodisti, Waanglikana, na pengine Walutheri wa Tanzania. Baada ya muda ibada huwa ya Kipentekoste hata kama kibao cha nje kinasema vingine, maana pambio na maombi ya sauti havihitaji kitabu. Msishindane na hilo; wekeni mipaka mapema.

Anzeni na ubatizo, tena kwa maandishi. Aliyebatizwa utotoni atapokelewa kama mshirika kamili, au atadaiwa maji mengi (kuzamishwa)? Mkiliacha, litalipuka siku ya Meza ya Bwana, babu akinyimwa kikombe mbele ya wajukuu, na ukoo mzima utahama. Ushauri wetu: ubatizo wa kwanza ukubaliwe, wa maji mengi apewe anayeuomba mwenyewe.

Kisha saa. Ukumbi ukikodiwa kwa muda wa saa 3, muda ugawanywe hivi: kufunga vyombo vya muziki dakika 20, sifa 30, maombi 15, kwaya 20, shuhuda tatu 10, mahubiri 50, sadaka na matangazo 15, kufungua vyombo na kufagia 20. Mhubiri aambiwe ana dakika 25, kwa kuwa tafsiri ya Kiingereza kwa vijana hula nusu ya muda. Mtafsiri apewe maandiko Jumamosi na awe na maikrofoni yake. Upako ukipanda mhubiri husahau kupumzika, mtafsiri huachwa nyuma, na vijana hutoa simu.

Vitabu vya nyimbo vya Tenzi za Rohoni na Nyimbo za Wokovu vina tuni zinazofanana lakini maneno tofauti, kwa hiyo onyesheni maneno ukutani, la sivyo kila upande utaimba wake (na wa Kivu, kwa wingi wao, watashinda).

Kunena kwa lugha kuwe ndani ya zile dakika 15, maikrofoni zikiwa zimezimwa. Mpiga kinanda aanzishe pambio linalojulikana na wote: hiyo ndiyo ishara ya kumaliza, maana kengele huwaudhi wengine.

Ngoma za kawaida ziacheni nyumbani. Ngoma za umeme zina kitufe cha sauti, na malalamiko ya majirani ndiyo huvunja mikataba ya ukumbi kabla kodi haijachelewa.