Namna ya Kumpeleka Mbwa Kwenye Fukwe Tulivu za Bahari

Ufukwe usio na watu unamfaa mbwa kuliko ule uliojaa miavuli na watoto, lakini utulivu huo una masharti yake. Mahali pasipo na watu hapana mwokoaji wa waogeleaji, aghalabu hapana kivuli wala maji ya kunywa, na huenda simu isishike mtandao. Zaidi ya hayo, ufukwe ambao binadamu hawaendi mara nyingi ndio uliochaguliwa na ndege na kasa. Anayempeleka mbwa wake huko anapaswa kujiandaa akijua kwamba atajiokoa mwenyewe, na akikumbuka kuwa ufukwe huo una wenyewe.

Kinachopanga safari si saa ya ukutani bali ni maji. Katika pwani nyingi bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, na ndiyo maana nyakati za kujaa na kupwa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, hata ukawa huwezi kutegemea ulichokiona wiki iliyopita. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa juu sana na kupwa mbali sana. Kati ya vipindi hivyo huwa maji mafu, na tofauti huwa ndogo. Tafuta jedwali la kupwa na kujaa la eneo lile lile unalokwenda, ufike muda wa saa mbili hivi kabla ya maji kupwa kabisa, kisha uanze kurudi mara yanapogeuka. Kwa mpango huo utatembea kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, ambao hauunguzi nyayo wala hauchoshi misuli, na njia ya kurudi itabaki wazi.

Tahadhari hiyo ina uzito zaidi katika fukwe zilizo chini ya majabali, au zenye rasi isiyopitika ila maji yakiwa yamekupwa. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja: takriban nusu ya kina chote huongezeka katika saa ya tatu na ya nne tangu yalipogeuka. Mtu aliyeyaona yakija polepole mwanzoni huendelea kutembea bila wasiwasi, akaja kushtuka amezingirwa, naye ana mbwa asiyeweza kupanda mwamba.

Kuhusu sheria, maneno ni machache. Marufuku nyingi za mbwa ufukweni ni za msimu, nazo hufuata ama wingi wa waogeleaji ama majira ya kutaga mayai, kwa hiyo ufukwe ulioruhusiwa mwezi mmoja waweza kufungwa mwezi unaofuata. Soma bango lililopo mlangoni hata kama ulilisoma zamani.

Swali la kumfungua au kutomfungua mbwa ndilo linalozua ubishi mwingi, na maoni yangu ni kwamba ufukwe mtupu si sababu ya kutosha ya kumfungua. Mbwa asiyerudi anapoitwa mara ya kwanza, hali kuna jambo linalomvutia, abaki kwenye kamba. Kamba ndefu ya mita tano hadi kumi, iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani badala ya ule wa shingoni, humpa nafasi ya kukimbia bila kumkaba inapomkatiza ghafla. Kamba zinazojikunja zenyewe ndani ya kikebe hazifai hapa, kwa kuwa mchanga na chumvi huharibu chombo chake.

Ndege wengi wa pwani hutaga juu ya mchanga mtupu, katika kishimo kidogo kisicho na hata jani, na mayai yao yana madoa yanayofanana na mchanga hivi kwamba unaweza kusimama hatua moja tu bila kuyaona. Mbwa hahitaji kula mayai hayo ili ayaharibu. Inatosha amfukuze mama juani kwa muda, nayo yakapata joto kupita kiasi. Ukimwona ndege anakukimbia huku akiburuta bawa mfano wa aliyevunjika, ujue anakuvuta mbali na kiota: mfunge mbwa kamba fupi, ushuke kwenye mchanga ulio karibu na maji na upite. Makundi ya ndege yanayotafuta chakula wakati maji yamekupwa nayo yazungukwe kwa mbali, maana kila yanaporushwa hupoteza nguvu yaliyoitafuta kwa safari ndefu ya kuhama. Kasa, kwa upande wao, hupanda usiku kutaga, na jike aliyeshtuliwa huweza kurejea baharini bila kutaga. Kiota kimoja huwa na mayai kama mia moja, yakikaa mchangani kwa takriban miezi miwili, na mbwa mwenye pua nzuri huyafukua kwa dakika chache. Katika majira hayo usimpeleke mbwa ufukweni usiku, na usimwache achimbe juu ya mstari ambao maji hufikia.

Maji ya kunywa ni mzigo usioepukika. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na mbwa mwenye kiu hatayaacha kwa sababu ya ladha yake. Akinywa kidogo ataharisha. Akinywa mengi atatapika, atayumba, na anaweza kupata degedege, hali inayohitaji daktari wa mifugo bila kuchelewa. Kinga yake ni kumpa maji safi kabla hajatafuta mwenyewe: kila baada ya robo saa msimamishe, mnyweshe kidogo, muendelee. Mchanga mkavu upime kwa mgongo wa kiganja. Ukishindwa kuuvumilia kwa sekunde saba, nyayo zake nazo zitaungua. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi za Selsiasi, na kwa vile hupoza mwili hasa kwa kuhema, kipimo unachoweza kukisoma bila kifaa ni ulimi. Ulimi uliopanuka nchani kama kijiko, kingo zake zikijikunja kuelekea juu, unakuambia apumzishwe sasa hivi. Akianza kutokwa na ute mzito na kupepesuka, mloweshe mwili mzima, hata kwa maji ya bahari, mtafutie upepo na kivuli, kisha mpeleke kwa daktari. Mbwa wenye pua fupi hufikia hali hiyo mapema kuliko wengine.

Mpira wa tenisi, kwa maoni yangu, ndio mchezo mbaya kuliko yote ufukweni. Manyoya yake hushika mchanga, mbwa akaumeza kila anapoudaka, na mchanga mwingi tumboni huweza kuziba utumbo hadi akahitaji kupasuliwa. Mpe kitu laini kisichoshika mchanga, chenye kuelea, na umrushie majini.

Ule mstari wa mwani na takataka unaoachwa na maji yaliyojaa ndio sehemu inayomvutia mbwa zaidi, nayo ndiyo yenye hatari nyingi. Humo hunasa ndoana zenye mabaki ya chambo, yavuyavu ambao minyiri yao huendelea kuwasha hata wakishakufa, na samaki waliooza. Bunju, yule samaki anayejivimbisha kama mpira, ndiye wa kuogopwa kuliko wote, kwa sababu sumu yake hupooza misuli ya kupumua, haina dawa ya kuitangua, na haipotei hata samaki akikauka. Mwaka 2009, kwenye fukwe za Auckland huko New Zealand, mbwa kadhaa walikufa baada ya kula konokono wa baharini wasio na gamba waliokuwa na sumu hiyo hiyo. Mfundishe mbwa amri ya kuacha kitu kabla ya safari, wala si siku ya safari. Akimeza ndoana yenye mshipi, usiuvute. Ukate ukiacha kipande kirefu nje ya mdomo na umwone daktari.

Kuogelea kuanzie kwenye maji ya magoti, upande usio na mawimbi yanayovunjika. Mbwa aliyechoka majini hatoi sauti: nyuma yake huzama na miguu ya mbele huanza kupiga maji juu juu, na hapo ndipo jaketi la kuelea lenye mpini mgongoni linapokuwa na faida. Ukiona kati ya mawimbi njia ya maji meusi yaliyotulia, ambamo povu linaelekea baharini, huo ni mkondo unaovuta nje. Mkondo huo ukimchukua mbwa, usimfuate. Tembea ufukweni sambamba naye ukimwita kwa upande, ili ageukie mahali mawimbi yanapovunjika, ambapo yatamsukuma nchi kavu.

Kinyesi kizolewe hata kama hakuna anayekuona, na hata kama maji yatafika hapo baadaye. Mabuu ya minyoo ya safura kutoka kwa mbwa huishi kwenye mchanga wenye unyevu na joto, na hupenya ngozi ya mtu anayetembea peku. Mbwa anayezoea fukwe apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari.

Mkirudi, msuuze kwa maji yasiyo na chumvi kabla manyoya hayajakauka, ukianza na katikati ya vidole na kwapa, kisha ukaushe masikio kwa kitambaa bila kuingiza kitu ndani. Mkia ukining'inia bila nguvu siku inayofuata, mara nyingi ni misuli iliyochoshwa na kuogelea, nao hupona kwa siku chache za kupumzika, ingawa maumivu makali yanahitaji kuonwa na daktari. Lakini akitapika, akikataa chakula au akikaa siku nzima bila kwenda haja, mpeleke, na jambo la kwanza la kumwambia daktari ni kwamba alikuwa ufukweni na kitu gani alikidaka, alikilamba au alikila huko.